Shajara ya mradi: ndege wa kawaida na miti ya kijito chetu, chini ya Mlima Elgon

Mradi wenyewe

Kijito tunachokishughulikia huanzia ndani ya msitu wa Mlima Elgon, hutoka kwenye mpaka wa hifadhi, hupita katikati ya kahawa, ndizi na mahindi ya watu wa Kapchorwa, kisha huporomoka kwenye magenge yanayotazama tambarare za chini. Tumechukua kipande cha katikati, kuanzia kwenye alama ya mpaka wa hifadhi hadi daraja la barabara ya vumbi, mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,100 hivi.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Ukiupanda unapita msitu, halafu mianzi, halafu nyanda za baridi zenye lobelia zinazomzidi mtu kimo. Tangu mwaka 1993 upande huu wa Uganda umekuwa hifadhi ya taifa. Wageni wanaokuja na darubini hupitiliza moja kwa moja hadi huko juu, kwa sababu huko ndiko waliko ndege wasiopatikana huku chini. Hatuwalaumu. Lakini kati ya msitu ule na majiko yetu kuna ardhi ambayo haina mlinzi wala mgeni, na ndani yake wanaishi ndege kama shore, kuzumburu, chozi na hondohondo, pamoja na miti waliyoizoea. Hawa ndio tunaowaandika. Wa kawaida.

Lengo ni kurudisha miti ya asili kwenye kingo za kijito. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 30 kila upande wa mto mdogo ziachwe bila kulimwa, na kwetu ziko sehemu ambako mahindi yamefika majini. Kabla ya kupanda chochote tulitaka kujua kilichobaki ni kipi, na nani anakitegemea.

Januari

Kiangazi kimekaza. Kijito kimekuwa chembamba, na kina mama wanachota kwa kikombe sehemu ambazo mwezi wa kumi walikuwa wanatumbukiza dumu zima.

Daftari letu lina safu tatu: ndege, mmea aliokuwa juu yake, na alichokuwa akifanya hapo. Safu ya tatu ndiyo tuliyoisisitiza kwa vijana na kwa wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani wanaotusaidia siku za Jumamosi. Jina la ndege peke yake halitatusaidia kuamua tupande nini. Tunataka kujua kama alikuwa anakula, anajenga, anajificha au anapumzika tu.

Mti wa mwezi huu ni Erythrina abyssinica, ule Waganda wanaouita jjirikiti. Kiangazi hiki hauna jani hata moja, matawi ni makavu na yana miiba, lakini kila ncha imebeba maua mekundu kama makaa. Wakati mimea mingine imenyauka, asali yake ndiyo inayowalisha chozi. Tuliandika aina mbili kwa uhakika. Wa kwanza ni chozi wa shaba, Nectarinia kilimensis, ambaye dume lake hung'aa rangi ya shaba iliyosuguliwa na ana manyoya mawili marefu ya mkia. Jike ni wa manjano hafifu mwenye michirizi, na wanafunzi walikuwa wamemwandika kama ndege mwingine kabisa hadi walipowaona wawili hao wakifuatana. Wa pili ni mdogo zaidi, bluu na kijani kifuani, tumbo la njano, Cinnyris venustus. Mkubwa humfukuza mdogo. Mdogo huzunguka nyuma ya mti na kurudi.

Mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na kijito alitukuta tumeinua vichwa chini ya mti huo.

"Huo hautoi mbao," alisema. "Mnautazama nini?"

"Shikamoo mzee. Tunawatazama walio juu yake."

"Marahaba. Basi tazameni na huku chini." Akatuonyesha ua wake wa mbuzi. Nguzo zote zilikuwa za mti huohuo, na zote zilikuwa zimechipua. Aliwahi kuzichomeka kama vigingi vya kawaida, zikashika mizizi. Tumeliandika hilo pembeni mwa ukurasa, nje ya safu zote tatu.

Februari

Tumemaliza orodha ya mimea ya kipande chetu, au tuseme ile mikubwa. Majani na magugu yatachukua muda mrefu zaidi, na kwa upande huo tunawategemea kina mama wanaochuma mboga za porini, ambao wanajua kuliko sisi.

Miti ya asili iliyobaki ni hii. Mringaringa, Cordia africana, ambao umebaki mwingi kuliko mingine yote kwa sababu wakulima wanaupenda juu ya kahawa: kivuli chake si kizito, majani yake mapana yakianguka yanaoza haraka, na maua yake meupe huita nyuki. Musambya, Markhamia lutea, wenye maua ya njano na maganda marefu membamba yenye mbegu za mabawa. Huu ukikatwa huchipua tena shinani, kwa hiyo watu huuvuna kwa nguzo bila kuumaliza. Croton macrostachyus, wenye majani ya umbo la moyo yanayogeuka rangi ya chungwa kabla ya kudondoka, na ambao huota wenyewe palipolimwa na kuachwa. Mululuza mchungu, Vernonia amygdalina, kila mahali. Mikuyu ya aina mbili, na mtini mwingine unaokaba miti mingine. Kifabakazi, Spathodea campanulata, michache. Na juu karibu na mpaka, miti ya ntaseesa, Prunus africana, mikubwa, mingine ikiwa imebanduliwa magome.

Chini ya hiyo kuna vichaka vya Acanthus vyenye miiba, na Leonotis, ule mmea wenye vishada vya maua ya rangi ya chungwa vilivyopangana ghorofa kwa ghorofa kwenye shina moja. Chozi wanaupenda huo pia, na ndio unaowashikilia jjirikiti ikimaliza maua.

Halafu kuna wageni: mkalatusi, mgrivea, na lantana. Nataka kusema neno la haki kuhusu mkalatusi, maana kwenye mikutano yetu unatukanwa sana. Familia nyingi hapa zimejenga nyumba na kulipa karo kwa miti hiyo, na daftari linaonyesha mwewe wakitua juu yake na chozi wakinyonya maua yake. Ila ukingoni mwa maji hauna mahali, kwa sababu hunywa mno, na chini yake huoti mwingine. Pandeni juu ya kilima, mbali na kijito, hatuna ugomvi.

Lantana ni habari nyingine. Ililetwa kutoka bara la Amerika kama ua la bustani, ikatoroka, na ng'ombe akiila majani yake huugua. Inasambaa kwa msaada wa ndege walewale tunaowapenda: shore na kuzumburu hula matunda yake meusi na kunya mbegu popote wanapotua. Hili tutalirudia.

Ndege wa mwezi huu hawakutushangaza, na ndivyo tulivyotaka. Shore, Pycnonotus barbatus, yuko kila ukurasa. Kuzumburu, Colius striatus, huja kwa makundi na kuning'inia matawini mkia mrefu chini, wakila matunda, machipukizi, na mboga za watu. Kwarara, Bostrychia hagedash, hutembea shambani alfajiri akidunga mdomo ardhini kutafuta minyoo, kisha huruka kwa kelele zinazoamsha kijiji kizima. Kurumbiza, Cossypha heuglini, yule mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa, huimba kabla jua halijatoka, dume na jike wakipokezana hadi usikie ni mmoja. Mbwigu, mweusi na mweupe, hukaa juu ya waya wa seng'enge na kuchomeka panzi kwenye miiba ili amle baadaye. Mnana wa mlimani, Ploceus baglafecht, hujenga kiota kimoja na mwenzake, mbali na wengine. Si kama binamu zake wa mjini Mbale wanaojaza mti mzima viota.

Kwenye kingo zilizokatwa za barabara tuliona mashimo ya ndege mla-nyuki mwenye kifua cha kahawia, Merops oreobates. Ni ndege wa nyanda za juu, na huchimba kiota chake kwenye udongo ulio wima. Wanaochukua udongo wa kupaka nyumba wamekubali kuchimba upande wa pili hadi makinda yaruke.

Machi

Mkuyu mkubwa ulio kwenye kona ya kijito umeiva, na shajara ya mwezi mzima imekuwa habari ya mti mmoja.

Huu ni Ficus sur. Matunda yake hutoka kwa vishada moja kwa moja kwenye shina na matawi manene, mengine karibu na ardhi. Ndani ya kila tunda ndimo yalimo maua; hayaonekani kwa nje kabisa. Nyigu mdogo sana, mdogo kuliko chawa, huingia kwa tundu la kwenye ncha, huyachavusha maua na kutaga humohumo. Kila aina ya mtini ina nyigu wake. Na kwa kuwa nyigu hao wanahitaji tunda la kuhamia kila wakati, mikuyu ya eneo moja haiivi yote msimu mmoja: huu ukimaliza, mwingine mahali fulani unaanza. Ndiyo maana wakati wa njaa ya kiangazi, karibu kila mara kuna mkuyu mmoja wenye chakula.

Nani alikuja? Alfajiri, shore na kuzumburu. Jua likipanda, ninga, wale njiwa wa kijani ambao huwaoni mpaka wanaporuka. Shorobo wa Ross, mwili bluu-nyeusi, kishungi chekundu, mdomo na uso wa njano, akikimbia juu ya matawi badala ya kuruka. Anapofungua mabawa huonekana wekundu mkali, na rangi ile ina madini ya shaba ndani yake. Ni jambo la ajabu kwa ndege, na mwanafunzi mmoja aliuliza mara tatu kama ninasema kweli. Shorobo wa Hartlaub, wa kijani, alikuja mara chache na alikaa upande ulio karibu na msitu. Mbega nao walishuka kutoka juu, wakala, wakarudi.

Kisha hondohondo. Huyu ni yule mweusi na mweupe mwenye pembe kubwa juu ya mdomo, Bycanistes subcylindricus. Unamsikia kabla hujamwona, kwanza sauti yake ya kukwaruza, halafu mvumo wa mabawa. Walitua wawili wawili, wakachuma kwa ncha ya mdomo, wakatupa tunda juu na kulipokea kooni. Baada ya muda waliruka wote kuelekea msituni, matumbo yamejaa mbegu.

Hapo ndipo daftari lilipoanza kutuambia kitu. Tulipopanga kurasa zote kwa safu ya mmea badala ya safu ya ndege, mikuyu ilijaza kurasa na miti mingine ikapata mistari. Wala si ndege tu. Chini ya mkuyu ule, ndani ya kivuli chake, wanafunzi walihesabu miche ya miti ambayo haipo jirani na mkuyu huo: ntaseesa, mringaringa, na mingine ambayo bado hatujaitambua. Hakuna aliyeipanda. Ililetwa tumboni.

Sasa nasema ninachokiamini kuhusu kazi hii. Tulikuwa tunajiandaa kupanda msitu kwa mistari, mche baada ya mche, kama watu wanavyopanda mkalatusi. Lakini wapandaji wapo tayari, wanafanya kazi kila siku bila posho, na wanajua kuchagua mbegu. Wanachokosa ni mahali pa kutua. Mbegu huanguka pale ndege anapokaa, na ndege hakai katikati ya uwanja mtupu. Kazi yetu ni kuwapa vituo kutoka mpaka wa msitu hadi darajani.

Jambo moja la kuongeza kuhusu hondohondo, kwa sababu linahusu miti mizee. Jike wake hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba. Anakaa humo miezi kadhaa na makinda, dume akileta mikuyu na kuipitisha kwenye ufa. Tundu la kumtosha ndege wa kimo hicho haliko kwenye mti wa miaka kumi. Tunaweza kupanda chakula chake. Nyumba yake hatuwezi kuipanda, tunaweza tu kuacha kuikata. Kwenye kipande chetu imebaki miti michache ya aina hiyo, na wenye mashamba yake tumewatembelea mmoja mmoja. Wote wamekubali, kwa maneno. Mmoja ameomba kwamba tawi kavu linaloelekea paa lake likatwe, na tutalikata.

Aprili

Mvua imeanza. Tulipanda.

Tuliyakumbuka maneno ya mzee wa ua wa mbuzi. Mikuyu na mitini mingi, sawa na jjirikiti, huota kwa vigingi. Mutuba, Ficus natalensis, ule mti ambao utengenezaji wa vitambaa vya magome yake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, umekuwa ukipandwa hivyo Buganda vizazi na vizazi. Basi tulikata matawi yaliyonyooka, ya unene wa mkono, marefu kumzidi mtu mzima. Tukayaacha kivulini siku chache utomvu ukauke. Tukachimba mashimo ya kina cha goti na kushindilia udongo kwa mguu. Kigingi kirefu kina faida mbili mche hauna: mbuzi hawafiki juu, na ndege anaweza kutua siku hiyohiyo.

Na walitua. Mbwigu alikuwa wa kwanza, kabla hatujaondoka.

Katikati ya vigingi tumeweka miche ya mringaringa na musambya kutoka kitalu cha kikundi, kwa ajili ya wenye mashamba. Mtu anayetoa ardhi yake anataka kuona kitu cha kwake: kivuli cha kahawa, nguzo, mbao siku za usoni. Hilo tumelizungumza wazi mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na limeandikwa.

Mei hadi Julai

Mvua nyingi, matope, kuandika kidogo. Kila mvua ikishika hivi, watu wa mlima huu huwakumbuka waliopotelea Nametsi, Bududa, Machi 2010, ardhi ilipoporomoka usiku na kufunika kijiji. Mama mmoja alituuliza kama vigingi vyetu vitazuia mlima usishuke. Tulimjibu kwamba mizizi ya miti mikubwa hushika udongo wa juu na kunyonya maji, lakini mteremko mkali uliolowa kupita kiasi unaweza kushuka na miti yake. Hatuwezi kumwahidi mtu usalama kwa mche. Aliyejenga chini ya mteremko uliopasuka anapaswa kuhama, na tulimwambia hivyo.

Vigingi vingi vimetoa majani. Vilivyokufa ni vile vya chini kabisa karibu na daraja, ambako maji yalituama.

Agosti

Kwenye kinamasi kidogo kilicho chini ya daraja wametua korongo taji wawili. Wanafunzi waliacha kila kitu. Ndege huyu yuko kwenye bendera ya Uganda tangu 1962, kila mtoto anamchora, na baadhi yao walikuwa hawajawahi kumwona akiwa hai. Alikuwa akipiga miguu chini ili wadudu waruke, kisha anawadokoa. Jioni walilala juu ya mti. Korongo wa aina hii ndio pekee duniani wanaolala mitini.

Wazee wanasema zamani walikuja makundi makundi, na hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu, kwa kuwa walikuwa wa kawaida tu. Mwaka 2012 ndege huyu aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Vinamasi vimelimwa, vifaranga vimeuzwa. Nawaomba wanaouliza kwa nini tunapoteza muda na shore na kuzumburu wafikirie hilo. Hatuna rekodi za zamani za korongo wa hapa za kutuonyesha walianza kupungua lini. Za shore tutakuwa nazo.

Ntaseesa umezaa juu karibu na mpaka. Matunda ni madogo, ya zambarau iliyokolea, na njiwa wakubwa wa msituni wenye duara la manjano kuzunguka macho walikuwa juu yake asubuhi nzima. Ukiponda jani lake unasikia harufu ya lozi chungu. Magome yake huuzwa nje kwa dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa sababu mti uliobanduliwa pande zote hufa. Mbegu zake hazitunziki, zikikauka zimekufa. Tuliokota zilizodondoka, tukaondoa nyama ya tunda, tukazipanda kwenye viriba jioni hiyohiyo.

Oktoba na Novemba

Mbayuwayu wamefika kutoka Ulaya na Asia, wanakata hewa juu ya mahindi yaliyovunwa. Viluwiluwi wa manjano, wale ndege wadogo wanaotikisa mkia, nao wamerudi, wanafuata ng'ombe. Watakaa hadi Machi au Aprili.

Tulipalilia kuzunguka kila kigingi kwa mikono, bila jembe, ili tuone kilichoota. Habari ni njema kwa sehemu kubwa. Chini ya vigingi vilivyo karibu na msitu kuna miche ya asili, hasa mringaringa, na ile tuliyoiona Machi chini ya mkuyu bila kuitambua. Mama mmoja mchuma dawa ameitambua miwili kwa kuonja: ni Maesa lanceolata. Chini ya vigingi vya katikati, ambako vichaka vya lantana viko jirani, lantana ndiyo iliyoota zaidi. Ndege hupanda walichokula. Ukimpa mahali pa kutua bila kuondoa lantana iliyo karibu, umeisaidia lantana.

Kwa hiyo kazi ya msimu huu wa mwisho wa mvua imebadilika: kung'oa lantana na mizizi yake ndani ya eneo la kila kigingi, na kuipunguza nje ya hapo. Hatuichomi, ikichomwa huchipua. Baadhi ya vijana walitaka tuiondoe yote kwa mara moja. Nilipinga, na bado napinga. Kurumbiza wanajenga ndani ya vichaka vile sasa hivi, kwa sababu vichaka vya asili vilivyowafaa vilifyekwa. Tuondoe kipande, tuache Acanthus na Leonotis vijaze, halafu tuendelee na kingine.

Desemba

Mambo yaliyoamuliwa kwenye kikao cha kikundi:

Vigingi vya msimu ujao vitatoka kwenye mitini ya aina tatu tofauti badala ya mkuyu mmoja, ili matunda yasikosekane mwezi wowote vikikua. Sehemu ya chini karibu na daraja haitapandwa mikuyu tena. Itaachwa iwe kinamasi, na tumekubaliana na mwenye eneo hilo kwamba hatachimba mfereji wa kuitoa maji.

Miche ya ntaseesa iliyoota itabaki kitaluni hadi mvua za Aprili. Ni michache kuliko viriba tulivyojaza, lakini imesimama.

Mzee wa ua wa mbuzi amejitolea matawi ya jjirikiti, mradi tuyakate kabla hayajachanua. Tumemwomba tuyakate baada ya kuchanua, Machi, chozi wakishamaliza. Amecheka, amekubali.

Daftari la kwanza limejaa. La pili lina safu ya nne: mche ulioota chini. Wanafunzi wa darasa la sita watalishika, na wa la saba wanaoondoka wamepewa kazi ya kuwafundisha kutofautisha chozi jike na chozi dume kabla shule haijafunguliwa.